Fizi Zinatoa Damu, Halafu Unaniuliza Bei ya Kunyoosha Meno

SEHEMU YA 1

Mama zangu na dada zangu wa Tunduma, Vwawa, Mlowo, na nyie wa Ileje na Mkwajuni mnaosoma kimyakimya bila hata kulaiki, salamu zenu. Wiki hii sitaongea chanjo wala uji wa lishe. Wiki hii nataka tugombane kidogo.

Meseji zinazonijia kwa wingi siku hizi si za homa wala za kuharisha. Ni hizi: "Nesi, zile plastiki za kunyoosha meno ni shilingi ngapi?" "Nesi, binti yangu meno yamepandana, kuna kaka anaagizia alaina kutoka nje, nimwamini?" "Nesi, kuna saluni wanabandika waya, siku hiyohiyo unatoka umependeza." Kwa asiyezijua, alaina ni zile plastiki nyembamba zinazoonyesha kama kioo, unavaa juu ya meno kama unavyovaa soksi, zinasukuma meno taratibu.

Wengine mnanitumia na picha. Asanteni kwa picha, maana ndizo zilizonifanya nikae chini niandike. Kabla sijafika kwenye jino lililopinda, naona fizi nyekundu zimevimba. Naona ukoga mgumu wa njano umejipanga pale jino linapoingia kwenye ufizi, kama ule ukoko mweupe wa ndani ya birika la chai. Naona gego lina shimo jeusi. Nikiuliza, "Ukipiga mswaki damu inatoka?" jibu ni lilelile: "Inatoka, lakini kwangu hiyo kawaida."

Siyo kawaida. Mwanao angekuwa na kidonda mguuni kinachotoa damu asubuhi na jioni kwa miaka miwili, usingeniambia kawaida. Damu kwenye mswaki ni ufizi unaokwambia una ugonjwa, na ugonjwa wenyewe una jina, una sababu na una tiba.

Msimamo wangu ni huu, na najua kuna watakaonuna. Hakuna mtu, awe wa saluni, awe wa mtandaoni, awe daktari mwenye koti jeupe, anayetakiwa kusogeza jino hata moja mdomoni mwako au mwa mwanao kabla fizi hazijapona na mashimo hayajazibwa. Anayekubali kuanza bila kuangalia hayo huyo anakuuzia, hakutibu.

SEHEMU YA 2

Kuna aliyeniandikia jana usiku: "Nesi acha wivu, kunyoosha kuna uhusiano gani na fizi?" Uhusiano upo, tena ndo wenyewe. Ngoja nieleze vizuri, sehemu hii ni ndefu.

Jino halikupigiliwa kwenye taya kama msumari kwenye ubao. Kati ya mzizi wa jino na mfupa kuna nyuzinyuzi laini zinazolishika. Ukilisukuma kidogokidogo kwa wiki nyingi, mwili wenyewe unabomoa mfupa upande ule jino linakokwenda, na unajenga mfupa mpya upande linakotoka. Ndiyo maana kazi hii inachukua miezi, mara nyingi mwaka na zaidi. Plastiki inasukuma tu, na waya unasukuma tu. Kazi ya kubomoa na kujenga inafanywa na mwili wako, kwa kutumia mfupa wako na fizi zako.

Sasa tuangalie ugonjwa wa fizi. Unaanza na utando laini wa vijidudu unaokaa kwenye jino kila siku. Usipoutoa unakauka, unakuwa ule ukoga mgumu ambao mswaki hauwezi tena kuubandua. Ufizi unavimba, unatoa damu. Hapa bado uko salama: ukisafishwa meno hospitalini na ukapiga mswaki vizuri, fizi zinarudi zilivyokuwa, na kwa wengi ndani ya wiki chache unaona tofauti. Ukiuacha, ugonjwa unashuka chini ya ufizi na kuanza kula mfupa unaoshika jino. Mfupa ulioliwa hivyo haurudi wenyewe. Watu wengi hapo hawasikii maumivu yoyote. Wanasikia harufu mbaya, wanaona meno yamekuwa "marefu", siku moja wanagundua jino la mbele linacheza.

Mdomo wa namna hiyo ndo unataka kuuvalisha alaina. Kubomoa kunaendelea, kujenga hakuna, halafu juu yake unaongeza nguvu ya kusukuma. Meno yanalegea haraka zaidi. Mtu alikuja na meno yamepandana lakini anatafuna muwa, anaondoka na meno yamenyooka ambayo hayawezi kutafuna hata chapati. Fundi gani hapa Tunduma anapiga rangi ukuta unaovuja maji kwa ndani? Akipiga, utamlipa?

Mashimo nayo yana kisa chake. Alaina inatengenezwa ifuate umbo la kila jino lako. Ukianza na gego bovu, katikati ya safari likauma, likazibwa au likang'olewa, umbo limebadilika na plastiki haikai tena. Unapimwa upya, unalipa upya. Tena zile plastiki zinavaliwa saa 20 hadi 22 kwa siku. Mate, ambayo ndiyo maji ya asili ya kuosha meno, hayapiti vizuri chini yake. Ukinywa soda au chai ya sukari huku umezivaa, umeifungia sukari ndani pamoja na jino. Anayevaa hizo anatakiwa azivue kila anapokula, apige mswaki, ndipo azirudishe. Mtu ambaye leo hapigi mswaki hata mara moja kwa siku, kesho atapiga mara nne? Tuwe wakweli jamani.

Sijasema mwenye ugonjwa wa fizi asinyooshe meno maisha yake yote. Watu wazima waliotibiwa fizi zikatulia wananyoosha, chini ya daktari anayewafuatilia. Kinachonikera ni kuanzia mwisho.

SEHEMU YA 3

Hapa mpakani kila kitu kinapita. Nguo, viatu, vipodozi, simu, mahindi. Mji wetu unaishi kwa kuvusha vitu na sina ugomvi na hilo, hata kitenge changu cha sikukuu kilitoka Nakonde. Lakini mdomo wa mtoto siyo mzigo wa kuvusha.

Mnajua biashara hii inavyokwenda? Unaletewa kidongo laini cha kuuma, unauma alama ya meno yako, unapiga picha tatu kwa simu, unatuma pesa. Baada ya wiki kadhaa boksi linafika. Nani kaona mizizi ya meno yako? Hakuna. Nani kaona kama kuna jino limelala ndani ya mfupa halijatoka? Hakuna. Nani kapima ufizi wako umeshuka kiasi gani? Hakuna. Bila eksirei na bila mtu kuingiza kioo mdomoni, mambo hayo hayaonekani, hata simu yako iwe na kamera tatu.

"Mbona Marekani wanaagiza kwa posta?" Kweli waliagiza. Kampuni iliyovuma sana kwa biashara hiyo inaitwa SmileDirectClub. Ilianza 2014, ikaomba kufilisika Septemba 2023, na Desemba mwaka huohuo ikafunga kabisa. Wateja waliokuwa katikati ya matibabu waliambiwa wakamuone daktari wa meno aliye karibu nao, na waliokuwa wanalipa kidogokidogo wakaambiwa waendelee kulipa. Hiyo ilikuwa kampuni yenye ofisi, yenye anwani, ndani ya nchi ambayo unaweza kumshtaki mtu. Wewe kaka yako wa kwenye simu akibadilisha laini, utampeleka wapi?

Wa saluni wanaobandika waya kwa gundi ili "upendeze tu", hao sitawapa nafasi kubwa. Gundi hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya mdomo. Waya ukikatika unachana shavu, kipande kikidondoka unameza, na chini yake jino linaoza huku umefunga. Thailand mtindo huu ulishika vijana mpaka serikali ikaupiga marufuku.

Halafu jambo dogo la pembeni. Dada mwenye mwanya wa mbele, nani kakwambia una kasoro? Mama zetu walisifiwa mwanya, wengine mpaka wakaimbiwa. Leo binti ana meno mazima, fizi nzima, analia anataka mwanya uzibwe kwa sababu ya msanii wa kwenye simu. Ni mdomo wako, fanya utakalo ukiwa mtu mzima. Lakini usimwite mtoto mgonjwa kwa sababu ana mwanya.

SEHEMU YA 4

Hapa ndo nitawaudhi. Meno yaliyopandana, mengine ni urithi: taya dogo la mama, meno makubwa ya baba. Hilo huna la kufanya. Lakini mengine tunayapinda wenyewe, nyumbani, mtoto akiwa hajaanza hata shule.

Sentensi inayonichosha kuliko zote ni hii: "Yaache tu, ni ya utotoni, yatang'oka." Meno ya utotoni ni 20, na kila moja limeshika nafasi ya mwenzake anayekuja. Magego ya utotoni yanakaa mpaka mtoto ana miaka kati ya 10 na 12. Likioza likang'olewa akiwa na miaka 5, jirani yake wa nyuma analalia lile pengo. Jino la ukubwani likija linakuta mlango umefungwa, linatokea pembeni au juu. Miaka inapita, mama anasema, "Sijui meno haya kayatoa wapi."

Na kuna gego la miaka 6. Hili linatoka nyuma kabisa, bila jino lolote kung'oka, kwa hiyo mnadhani ni la utotoni. Siyo! Ni la kudumu, hilo ndilo atakaloenda nalo mpaka uzeeni. Leo usiku mwenye mtoto wa darasa la kwanza amfungue mdomo aangalie nyuma kabisa, juu na chini. Ukiliona, lisugue na lenyewe, maana linaoza kabla hata halijamaliza kutoka.

Yanaoza kwa nini? Kwa chupa ya chai ya sukari anayolala nayo. Kwa juisi ya pakiti, pipi na biskuti kila anapolia. Kwa maheu ya kutoka ng'ambo anayonyonya kidogokidogo mchana kutwa. Maheu sijaikataa, anywe na chakula, amalize, maji yafuate. Jino linaumizwa zaidi na idadi ya mara sukari inapoingia mdomoni kuliko ukubwa wa kipande. Mtoto anayelamba pipi moja saa nzima anaharibika meno kuliko anayekula keki ikaisha.

Sasa nifike kwenye lile ambalo watu huwa wananong'ona. Meno ya plastiki.

Mtoto ana miezi 6, ana miezi 8, anaharisha, ana homa, hanyonyi. Mtu anamfungua mdomo, anaona ufizi umevimba na weupe pale chonge linapojiandaa kutoka. Hukumu inatolewa: ana meno ya plastiki, dawa za hospitali hazitamsaidia, apelekwe akatolewe. Anapelekwa. Ufizi unachimbuliwa kwa wembe, kwa msumari, kwa spoku ya baiskeli, bila ganzi. Kinatolewa kitu laini cheupe, familia inaonyeshwa: "Mnaiona plastiki?"

Ile siyo plastiki. Ni jino la mwanao, chonge lake la utotoni ambalo lilikuwa bado halijakomaa na kuwa gumu. Kila mtoto duniani analo pale. Na karibu yake, ndani zaidi, kuna mbegu ya chonge la ukubwani, ambayo ile spoku mara nyingi inaijeruhi au kuiua. Wataalamu wa meno waliandika kuhusu "meno ya nailoni" ya watoto wa Tanzania na kasoro zinazobaki mdomoni tangu 1991. Chonge halitoki kabisa, au linatoka limebonyea na lina madoa, na meno ya mbele yanahamia upande wa pengo. Hayo ni kwa waliobahatika. Wasiobahatika wanapata pepopunda, wanapata sumu ya damu, wanaishiwa damu, na wapo wanaokufa. Huku kuharisha kwenyewe, ambako ndiko kulikompeleka, hakujatibiwa.

Bibi aliyesema apelekwe anampenda mjukuu wake, simdharau, na naye aliambiwa hivyo na waliomtangulia. Lakini mtoto anayeharisha anahitaji ORS, zinki, aendelee kunyonya, na afike kituo cha afya siku hiyohiyo akiwa analegea au macho yamedidimia. Nani wa kumwambia bibi? Wewe, baba wa mtoto. Usimwachie mkeo peke yake agombane na mama yako.

Halafu mtoto huyohuyo akifika miaka 14, chonge halipo, meno ya mbele yamekwenda upande, familia inachanga pesa ya alaina. Pesa ambayo haikupatikana ya bodaboda kumpeleka zahanati alipokuwa anaharisha.

SEHEMU YA 5

Najibu mliyouliza, kwa haraka maana naingia zamu ya usiku.

"Daktari wa meno yuko wapi?" Hoja hii naikubali. Bingwa wa kupanga meno hutampata Tunduma, wengi wao wako Dar es Salaam. Lakini kusafisha meno na kuangaliwa mashimo hakuhitaji bingwa wa kupanga meno. Anzia chumba cha meno cha hospitali iliyo karibu yako, na ikishindikana kuna hospitali ya mkoa Vwawa, au ile ya rufaa ya kanda Mbeya, kama kilomita 100 kutoka hapa. Wanaouza plastiki wanataka uamini kwamba kwa kuwa bingwa yuko mbali basi wao ndo mbadala wake. Hawako kwenye foleni moja naye.

Na sisi wa upande wa huduma tusijifiche. Vituo vingi mtu akifika na jino linauma anakuta huduma ni moja tu, kung'oa. Hakuna vifaa vya kuziba, au vimeisha tangu mwezi uliopita. Watu wamejifunza kwetu kwamba kwenda kwa daktari wa meno maana yake kurudi na pengo, ndiyo maana wanasubiri mpaka usiku wa maumivu. Karibu watu bilioni 3.5 duniani wana magonjwa ya kinywa, Shirika la Afya Duniani lilisema 2022, na mwaka mmoja kabla yake dawa ya meno yenye floridi iliwekwa kwenye orodha yao ya dawa muhimu. Dawa muhimu! Halafu kwenye mikutano ya kijiji tunadai jengo la wodi tu. Ulizeni na vifaa vya kuziba meno. Ni haki yenu kuuliza.

"Nikifika niseme nini?" Sema unataka kuangaliwa kinywa chote, siyo jino linalouma tu. Uliza fizi ziko hatua gani. Uliza mashimo mangapi, yapi ya kuziba. Safishwa, zibwa, rudi nyumbani upige mswaki, urudi waone kama damu imeacha kutoka. Baada ya hapo ndipo muongee kunyoosha, na hapo mdai eksirei kabla ya kulipa chochote. Mtoto wa miaka 7 au 8 meno yamekaa ovyo, tulia: nusu ni ya utotoni nusu ya ukubwani. Mwonyeshe kwa daktari, lakini wengi wanaanza kunyooshwa meno mengi ya ukubwani yakishatoka. Anayekuharakisha ana haraka ya pesa yako.

"Mswaki gani?" Wenye nywele laini, mara 2 kwa siku, ya usiku ndiyo kubwa kuliko zote. Dawa yenye floridi: chini ya miaka 3 weka kiasi cha punje ya mchele, miaka 3 mpaka 6 kiasi cha njegere. Baada ya kupiga, tema, usisukutue kwa maji mengi, acha dawa ibaki ifanye kazi. Mtoto asiachiwe mwenyewe mpaka afike kama miaka 7, mikono yake bado haijui. Mswaki wa mti nao unasafisha ukitumika kwa utaratibu, tatizo hauna floridi. Mkaa na chumvi acheni: vinang'arisha kwa kukwangua jino lenyewe. Na damu ikitoka usiache kupiga mswaki hapo, ndo upige vizuri zaidi ila taratibu. Kuukwepa ufizi unaotoa damu ndiko kunauongezea ugonjwa.

"Nina mimba, fizi zimevimba vibaya." Mimba inafanya fizi zivimbe kirahisi kwa utando uleule ambao zamani haukukusumbua. Si kweli kwamba mtoto anakula kalsiamu ya meno yako, na si kweli kwamba mjamzito haruhusiwi kutibiwa meno. Kusafisha na kuziba inafaa, miezi ya katikati ndiyo rahisi zaidi kwako kukaa kwenye kile kiti. Ukiwa na jipu la jino usisubiri mwezi wowote, nenda, na useme una mimba ya miezi mingapi ili wachague dawa. Vijidudu vya kuozesha meno mtoto anavipata mara nyingi kwa mama, kwa kijiko mnachoonja wote, kwa hiyo ukitibu mdomo wako umeshaanza na wa kwake.

Mkija kliniki chanjo ya surua ya miezi 9, na ile ya miezi 18, mwambieni muuguzi aliyepo afungue mdomo wa mtoto aangalie na fizi. Inachukua dakika moja. Akisema hiyo siyo kazi yake, mwambieni kuna nesi mwenzake huku anasema ni kazi yetu.